Kichwa cha Kennedy kilirudi nyuma. Sawa. Sasa tupige hesabu

Mtu mwingine tena kanitumia kile kipande cha filamu ya Zapruder, mtazamaji aliyenasa mauaji ya Kennedy kwa kamera yake, kimepunguzwa mwendo na kuchorewa mshale mwekundu, na chini yake kaandika: "Newton hadanganyi, mwalimu." Nafundisha mekanika. Newton namfahamu. Hoja hii nimeshaijibu kwenye makundi ya WhatsApp, harusini, hata msibani (sikuianzisha mimi), na leo naandika yote mahali pamoja ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu nikalale.

Hoja yenyewe ni hii. Dallas, Novemba 22, 1963. Kwenye fremu (picha moja ya filamu) ya 313 kichwa cha Rais John F. Kennedy kinapasuka, na katika fremu zinazofuata kichwa na kiwiliwili vinakwenda nyuma na kushoto. Lee Harvey Oswald, anayetajwa kuwa muuaji, tunaambiwa alikuwa upande wa nyuma wa gari la Rais, ghorofa ya sita ya ghala la vitabu. Kitu kikisukumwa huenda upande kinakosukumiwa. Kwa hiyo mpigaji alikuwa mbele kulia, kwenye kile kilima cha nyasi, na ubishi umekwisha.

Haujaisha. Haujaanza hata.

Chukua bunduki inayotajwa, Mannlicher-Carcano ya milimita 6.5. Risasi yake ina gramu 10 na ushee. Inatoka kwenye mtutu kwa mita 660 hivi kwa sekunde, na baada ya mita 80, ambako gari lilikuwa limefika wakati wa fremu 313, imebaki na mita 560 hivi. Momenta, yaani uzito mara mwendokasi: karibu 5.8, kwa kilogramu-mita kwa sekunde. Nishati mwendo: karibu jouli 1,600. Hizo ni namba mbili za vitu viwili tofauti, na karibu kila anayeniletea mshale mwekundu amezichanganya.

Momenta ndiyo inayosukuma. Nishati ndiyo inayovunja. Kichwa cha mtu kina kilo 5 hivi. Kikiimeza momenta yote ya risasi ile, kitakwenda kwa mita 1.2 kwa sekunde. Nishati inayohitajika kwa mwendo huo ni jouli 3.6. Rudia kusoma: kati ya jouli 1,600 zilizoingia, chini ya 4 ndizo zinazohusika na kukisogeza kichwa. Zilizobaki zinavunja mfupa, zinachana tishu, zinapasha joto, zinarusha vipande huku na huku. Ndiyo maana jeraha linaweza kuwa la kutisha huku msukumo ukiwa mdogo. Macho yanaona mlipuko, akili inadhani umeona msukumo mkubwa.

Sasa mpe momenta hiyohiyo mtu mzima wa kilo 75. Sentimita 8 kwa sekunde. Mtoto anayejifunza kutembea anakwenda haraka kuliko hivyo. Mtu aliyepigwa risasi huanguka kwa sababu mwili umeacha kumshikilia, wala si kwa sababu risasi imemrusha. Wale wanaopaa na kutokea dirishani kwenye sinema wanavutwa na waya. Na kama risasi ingeweza kumrusha anayepigwa, ingemrusha anayepiga pia, maana teke la bunduki begani ni momenta ileile ikielekea upande wa pili, na moshi wa baruti unaiongezea kidogo. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu. Ya Newton huyohuyo asiyedanganya.

Na hapa ndipo ninapotaka mtu wa mshale mwekundu akae kidogo. Tuseme ni kweli, mpigaji alikuwa mbele. Tumpe risasi kama ile. Kwenye filamu hakirudi kichwa peke yake. Kiwiliwili chote kinakwenda kugonga kiti. Weka kilo 40 za kichwa, kifua na mabega: unapata sentimita 14 au 15 kwa sekunde. Mpe bunduki yenye nguvu maradufu, upate 30, na hapo umechukulia kwamba risasi ilibaki mwilini na momenta yake yote. Mwendo wa ghafla unaouona hautoshelezwi na risasi ya mbele pia. Nadharia ya kilima cha nyasi inahitaji msukumo wa ziada kutoka mahali pengine, kama vile nadharia ya ghalani inavyouhitaji. Mkishakubali kuna msukumo wa ziada, mwelekeo wa kichwa hauwezi tena kuwaambia peke yake risasi ilitoka wapi. Hoja nzima imekufa hapo, na haikuuawa na Tume ya Warren, ile ya serikali iliyosema Oswald alitenda peke yake. Imeuawa na kujumlisha na kugawanya.

Kabla upande wa pili hamjashangilia, nina maneno na ninyi.

Mnapenda kusema: tazama fremu 312 na 313, kichwa kinakwenda mbele kwanza! Kamera ya Zapruder ilipimwa na FBI ikaonekana inapiga fremu 18.3 kwa sekunde, yaani milisekunde 55 kutoka fremu moja hadi nyingine. Josiah Thompson, mtafiti wa mauaji haya, alipima miaka ya 1960 akapata kichwa kimesogea mbele zaidi ya sentimita 5. Hesabu yangu ya juu inatoa mita 1.2 kwa sekunde, mara milisekunde 55, unapata sentimita 6.6. Inapendeza. Inapendeza mno, na hapo ndipo ninapoanza kukuna kichwa. Sentimita 6.6 ni dari: ni pale risasi inapoacha momenta yote kichwani, tena mara tu baada ya fremu 312, na shingo haishiki kitu. Lakini vipande viwili vikubwa vya risasi vilikutwa sehemu ya mbele ya gari, kwa hiyo sehemu ya momenta ilitoka nayo. Halafu fremu 313 imetikisika, ina ukungu, na kupima ukingo wa kichwa kwenye picha yenye ukungu ni kujitafutia sentimita unazozitaka. Thompson mwenyewe baadaye aliukana upimaji wake kwa sababu hiyo. Mimi bado nadhani kichwa kilikwenda mbele. Kwa kiasi gani, singekula kiapo.

Halafu kuna Alvarez.

Luis Alvarez wa Berkeley, Nobel ya fizikia 1968, hakuwa mtu wa mzaha. Mwaka 1976 alichapisha makala kwenye American Journal of Physics akieleza jinsi kichwa kinavyoweza kurudi kuelekea bunduki. Wazo lake ni jeti. Mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda gatini, mtumbwi hurudi nyuma. Ubongo na mifupa ikirushwa mbele, kichwa hurudi nyuma. Uzuri wa wazo uko kwenye kanuni niliyoitaja juu: nishati ni nyingi, momenta ni kidogo, na nishati inaweza kununua momenta kwa bei rahisi ikipata kitu chenye uzito cha kukirusha. Gramu 100 zikipewa jouli 320, yaani moja ya tano tu ya zilizoingia, zinaondoka na momenta ya 8. Risasi ilileta 5.8. Zinabaki 2.2 upande wa nyuma, na kichwa kinarudi kwa karibu nusu mita kwa sekunde. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Alvarez hakuishia kwenye karatasi: matikiti yalifungwa kwa utepe wa gundi wenye nyuzi za kioo, yakapigwa risasi, na yakarudi kumfuata mpigaji.

Kwa miaka mingi hilo tikiti limetumika kama rungu la kuwanyamazisha watu, na ndilo linaloniudhi kuliko mshale mwekundu. Jaribio linaonyesha jambo linawezekana. Halionyeshi kwamba ndilo lililotokea. Tikiti halina shingo wala fuvu, na bunduki iliyotumika ilikuwa ya .30-06 yenye risasi za kuwindia, si Carcano yenye risasi za kijeshi zilizovikwa koti la chuma. Thompson, aliyekuja kuziona picha za majaribio yale, ameeleza kwamba vitu vingine vilivyopigwa, nazi zikiwemo, havikurudi nyuma. Sisi tunaotoka pwani tungemwambia mapema kwamba nazi haina tabia za tikiti, na mfupa uko karibu zaidi na nazi.

Kuna tatizo lingine ambalo sioni likizungumzwa inavyostahili, nalo ni muda. Risasi inapita kichwani kwa chini ya nusu milisekunde. Shinikizo linapasua fuvu ndani ya milisekunde chache. Yaani msukumo wa mbele na jeti ya nyuma vyote vimekwisha kabla kamera haijafika fremu inayofuata. Basi kwa jeti peke yake, filamu ilipaswa kuonyesha mwendo mmoja tu: jumla ya yote mawili. Kama jumla ni nyuma, kichwa kiwe kimeanza kurudi mara moja na kuendelea kwa kasi isiyoongezeka. Lakini tunaona (kama tunaona!) mbele kidogo, kisha nyuma, na mwendo wa nyuma unaongezeka fremu baada ya fremu. Jeti iliyokwisha haiwezi kuendelea kusukuma. Kitu kingine kilikuwa kinasukuma wakati huo, na kitu hicho karibu hakika ni mwili wake mwenyewe. Ongeza kwamba kilichorushwa hakikwenda mbele tu. Kwenye fremu 313 unaona kikipanda juu na kutawanyika, na kinachokwenda juu hakihesabiki upande wa nyuma.

Hapa fizikia inampisha daktari. Larry Sturdivan, mtaalamu wa majeraha ya risasi wa jeshi la Marekani, aliionyesha kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza upya mauaji haya, mwaka 1978, filamu ya zamani ya mbuzi aliyepigwa risasi kichwani: mwili unakakamaa, mgongo unajipinda. Ubongo ukiharibiwa ghafla, misuli yote huweza kuamriwa kwa mpigo mmoja, na misuli ya kunyoosha mgongo ina nguvu kuliko ya kuukunja. Kennedy pia alikuwa amevaa mshipi mgumu wa kutegemeza mgongo. Maelezo haya yananiridhisha kwa kiwiliwili kuliko tikiti. Kwa kichwa, katika fremu mbili za mwanzo, siyo sana, kwa sababu misuli inahitaji muda kuanza kuvuta. Nicholas Nalli alichapisha mwaka 2018 modeli inayounganisha risasi ya nyuma, kichwa kwenda mbele, kisha kurudi, na hesabu zake zinakaa. Lakini modeli yoyote ya jambo hili ina vigezo kadhaa ambavyo hakuna aliyevipima siku ile, na ukiwa na vigezo vya kutosha unaweza kukipeleka kichwa unakotaka.

Mambo mawili ya haraka, maana najua yanakuja. La kwanza, sauti. Kamati ya Bunge ilisema mwaka 1979 kwamba huenda kulikuwa na njama, kwa sababu mkanda wa redio ya polisi ulionekana kuwa na milio minne ya risasi, mmoja wao kutoka kilimani kwa uhakika wa asilimia 95. Mpiga ngoma mmoja wa Ohio, Steve Barber, alisikiliza nakala ya mkanda akanasa kwenye sehemu hiyohiyo maneno ya Decker, sherifu wa Dallas, yaliyosemwa kama dakika moja baada ya mauaji. Jopo la wanasayansi chini ya Norman Ramsey la mwaka 1982 likaufuta mlio huo. Kuna waliolipinga jopo, wakajibiwa, na wanaendelea. Lakini angalia kichekesho: kamati iliyosema kuna mpigaji kilimani ilisema pia kwamba alikosa, na kwamba risasi zote zilizompata Kennedy zilitoka nyuma. Ukiitaja kamati, itaje yote.

La pili, madini. Mkemia Vincent Guinn alipima antimoni, madini yaliyomo kwenye risasi, katika vipande vya risasi kwa kuvipiga nyutroni, akasema vyote vimetoka kwenye risasi mbili tu. Kwa miaka hii ilikuwa fahari ya upande wa Warren. Mwaka 2006 na 2007 wataalamu wa metali na takwimu walionyesha kwamba hitimisho lile halina msingi huo, na FBI yenyewe ilishaacha kulinganisha madini ya risasi mwaka 2005. Hilo limekwenda. Msilitumie.

Kinachonishawishi kwamba risasi ya kichwa ilitoka nyuma si mwendo wowote. Ni mfupa. Risasi ikitoboa fuvu huacha tundu lililopanuka upande inakotokea, na tundu la kisogoni lilikuwa limepanuka kwa ndani. Jambo hili ni la kuchosha, halina mshale mwekundu, na lina uzito kuliko fremu zote. Nalo lina doa: madaktari wa Bethesda, hospitali ulikochunguzwa mwili, waliliweka tundu hilo chini karibu na kinundu cha kisogo, na majopo ya 1968 na 1978 yaliyosoma picha na eksirei yakaliweka kama sentimita 10 juu zaidi. Sentimita 10, kwenye kichwa cha mtu! Wote walikubaliana liko nyuma, lakini njia ya risasi inabadilika, na hesabu ya jeti nayo inabadilika.

Kwa hiyo anayetaka kubishana nami kuhusu jeti aniletee jambo moja: uzito wa kilichorushwa. Nilitumia gramu 100 kwa sababu ni namba nyepesi kuhesabu. Rekodi ya uchunguzi wa maiti inasema ubongo, ukiwa umekaa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia), ulikuwa na gramu 1,500, ambazo ni nyingi kwa ubongo uliopoteza sehemu kubwa hivyo. Dawa ile huongeza uzito, lakini kwa kiasi gani kwenye ubongo ule, hakuna wa kusema. Wala hauwezi kupimwa upya, kwa sababu mwaka 1966 walipokwenda kuutafuta kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, haukuwepo.