Maumivu Chini ya Kitovu kwa Mwanamke Anayeishi na VVU Yasipewe Jina Kabla ya Kupimwa

Mama anaingia katika chumba cha uchunguzi, anaweka kiganja chini ya kitovu na kusema, "Hapa panavuta, na nikitembea haraka panachoma." Ikiwa anaishi na VVU, mara nyingi ameshapita mahali pawili patatu kabla ya kutufikia. Alipewa dawa za UTI bila mkojo wake kupimwa, akarudi akapewa za fangasi, na mwishowe akaambiwa kwamba mtu mwenye hali yake hakosi kuumwaumwa. Kauli hii ya mwisho ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu VVU peke yake havielezi maumivu ya nyonga. Penye maumivu pana chanzo, na kimojawapo kinachopaswa kufikiriwa mapema ni maambukizi ya via vya uzazi vya ndani, ambayo wengi wamezoea kuyaita PID.

Maambukizi haya huanza chini na kupanda juu. Bakteria waliopo ukeni au kwenye mlango wa kizazi hupenya ute mzito ambao kwa kawaida huziba njia hiyo, wakaingia katika mfuko wa uzazi, kisha kwenye mirija na ovari. Klamidia na kisonono ni wachokozi wanaojulikana zaidi, na klamidia ina hila ya kukaa kwa miezi bila kumwonyesha mwanamke dalili yoyote. Hata hivyo, si kila PID imeletwa na ugonjwa wa zinaa. Wako bakteria wanaoishi ukeni siku zote bila kuleta fujo, lakini wakizidi wenzao walinzi hutoa ule ute mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki, na wakipata nafasi nao hupanda. Kwa hiyo mhudumu anayegundua PID na kuanza kumhoji mgonjwa kwa sauti ya hakimu amekosea kitabibu na pia kiutu.

Je, VVU vinabadilisha nini? Uzoefu wa kitabibu umeonyesha kwamba wanawake wanaoishi na VVU hupata zaidi majipu ya usaha kwenye mirija na ovari. Lakini upande wa pili wa habari hii, ambao husemwa mara chache, ni kwamba dawa zilezile za PID zinazomponya mwanamke asiye na VVU humponya na huyu pia, kwa kiwango kinachokaribiana, mradi zianze mapema na zimalizwe. Kinachomwangusha mara nyingi ni muda uliopotea huku maumivu yake yakipewa majina mengine.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine kubwa. Kwanza mgonjwa hupimwa ujauzito, maana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma pahali palepale na inaweza kuua. Kisha mhudumu, akiwa amevaa glavu, huingiza vidole viwili ukeni huku mkono mwingine ukiwa juu ya tumbo, na kuusogeza mlango wa kizazi taratibu upande huu na huu. Mwanamke mwenye PID hushtuka, pengine akainua makalio kutoka kitandani au kuudaka mkono wa mhudumu. Mshtuko huo una uzito kuliko karatasi nyingi za maabara, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha damu wala cha ute kinachoweza kuthibitisha au kukanusha PID peke yake, na ultrasaundi ya siku za mwanzo inaweza kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Mwanamke aliyeandikiwa dawa za maumivu hayo bila kuguswa tumbo ana haki ya kuomba achunguzwe.

Matibabu yanayotumika sana ni sindano moja ya seftriaksoni, pamoja na vidonge vya doksisaiklini na metronidazoli vinavyomezwa mara mbili kwa siku kwa siku 14. Wengi hupata nafuu siku ya tatu na hapo ndipo huviweka kando, jambo linalowaachia bakteria waliobaki nafasi ya kuendelea kuharibu mirija kimyakimya. Mgonjwa arudi kuonwa ndani ya saa 72 hata kama anajisikia vizuri, na asiyepata nafuu kufikia hapo achunguzwe upya, hasa kutafuta jipu. Mwenye ujauzito, mwenye homa kali au anayetapika dawa hulazwa. Dawa za kufubaza VVU haziachwi hata siku moja. Jambo dogo linalosahaulika ni vidonge vya madini ya chuma, kalisi na dawa za kupunguza asidi tumboni zenye magnesiamu au alumini: hivi hupunguza nguvu ya doksisaiklini na pia ya dolutegravir, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, hivyo dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yavyo, na doksisaiklini nayo isimezwe pamoja navyo. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango halazimiki kukitoa ikiwa anapata nafuu.

Iko PID isiyosikia dawa hizi, nayo ni kifua kikuu cha mirija, ambacho husafiri kwa damu kutoka mapafuni. Maumivu yake ni ya chinichini, huchukua miezi, na huweza kuandamana na homa za jioni, kukonda au hedhi kukoma. Kwa anayeishi na VVU tusisubiri akohoe ndipo tukifikirie.

Mwenza naye atibiwe, pamoja na yeyote aliyeshiriki na mgonjwa tendo la ndoa ndani ya siku 60 kabla ya dalili kuanza, hata kama hana dalili, na wote wasijamiiane hadi dawa ziishe. Hapa pana mkanganyiko unaozidi kukua. Mwanamke ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake VVU kwa njia ya kujamiiana, nasi tunalisema hili bila kusita, lakini kiwango hicho cha virusi hakizuii klamidia wala kisonono kuingia, na kazi hiyo bado ni ya kondomu. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au dawa hakusaidii kitu. Huwaondoa bakteria walinzi tu.

Baada ya kupona, kovu linaweza kubaki ndani ya mrija bila kuuma. Yai lililorutubishwa hunasa hapo, na mimba ikaanza kukua mahali pasipoweza kutanuka. Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kuugua PID, akikosa hedhi kisha akahisi maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu au akaona matone ya damu, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na awaeleze mapokezi kwamba aliwahi kutibiwa PID.