Dola 10 kwa kila mtoto: msaada wa elimu unavyofika shuleni

Ukitaja msaada wa elimu, wengi huwaza jengo jipya lenye kibao cha mhisani ukutani, au kijana aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma Ulaya. Kazi yangu ni mipango na fedha za shule za msingi, na msaada ninaoufuatilia kwa karibu kuliko yote hauna kibao popote. Ni ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu wakuu wengi wanaiita kapitesheni. Ndiyo inayonunua chaki na rimu za karatasi, inayotengeneza mlango wa choo uliong'oka, inayolipia kudurufu mitihani. Historia yake hapa Tanzania imenifundisha mengi kuhusu misaada.

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kufuta ada katika shule za msingi, na Januari 2002 ukaanza MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Fedha zilitoka kwenye kodi zetu, kwenye nafuu ya madeni ambayo nchi ilipewa mwaka huohuo wa 2001, na kwa wahisani. Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 150. Kanada, Uswidi, Uholanzi na wengine waliweka zao katika mfuko wa pamoja. Mwaka 2000 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 4.4, ilipofika 2006 walikaribia milioni 8. Anayesema misaada haijawahi kuisaidia Afrika inabidi aanze kwa kujibu hesabu hiyo.

Ndani ya MMEM kulikuwa na ahadi kwamba kila mtoto aliyeandikishwa atatengewa dola 10 kwa mwaka. Kwa thamani ya wakati ule ilikuwa kama shilingi 10,000, na hiyo 10,000 ndiyo iliyoingia kwenye miongozo. Miaka ikaenda, shilingi ikashuka, bei za vitu zikapanda, kiwango kikabaki palepale. Serikali ya awamu ya tano ilipoanza elimu bila malipo mwaka 2016, ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, ilhali dola 10 zilikuwa zimeshapita shilingi 21,000. Mtoto yuleyule wa ahadi ileile alikuwa amepoteza zaidi ya nusu, na hakuna kikao chochote kilichoamua apunguziwe.

Tena katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 zilibaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Zilizokwenda shuleni ni 6,000. Chukua shule yenye wanafunzi 400: ni shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, au 200,000 kwa mwezi. Kaa na mwalimu mkuu upange naye. Kuna chaki na kalamu, kuna karatasi na wino, mitihani ya mwezi, bati lililoezuliwa na upepo, nauli ya kwenda halmashauri kupeleka taarifa. Kisha mzazi anaambiwa elimu ni bure na hapaswi kuchangishwa. Mwalimu huyo anabanwa pande zote mbili, na mimi humwonea huruma kweli.

Na hizo ni fedha zikifika zote. Kabla ya 2016 zilipitia halmashauri, na kila zilipofuatiliwa ilionekana kwamba shule nyingi zinapata sehemu tu, tena kwa kuchelewa. Vitabu ndivyo vilivyoumia zaidi. Hapo ndipo "chenji ya rada" ilipoingia. Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, na Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga biashara hiyo waziwazi akisema nchi maskini haiihitaji kwa bei hiyo. Desemba 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri hesabu za malipo ya mkataba huo. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Mwaka 2012 fedha hizo ziliagiziwa vitabu vya kiada na madawati kwa shule za msingi. Niliona kwa macho yangu watoto waliozoea kubanana watano kwenye kitabu kimoja wakifungua vipya. Lakini jambo hilo linaniuma hadi leo: vitabu vya watoto wetu vilisubiri kesi ya Uingereza iishe, wakati fungu la vitabu lilikuwa kwenye mpango tangu 2002.

Kilichonyoosha mambo kwa kiasi kikubwa ni mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, ulioanza katika mwaka wa fedha 2014/15 kwa fedha za Benki ya Dunia, Uingereza na Uswidi. Wahisani hawakununua chochote wenyewe. Walikubaliana na serikali mambo ya kutimiza, na fedha zikatolewa kila jambo lilipothibitishwa. Moja ya mambo hayo lilikuwa ruzuku kufika shuleni kwa wakati. Kuanzia 2016 ikawa inatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na kamati ya shule inaweza kuona kwenye taarifa ya benki kilichoingia na kilichotoka. Kwangu huu ndio msaada bora: fedha inapita katika vitabu vya hesabu vya serikali, na mzazi anaweza kuihoji.

Hata hivyo fedha pekee haimfundishi mtoto kusoma. Mwaka 2013 na 2014 shirika la kiraia la Twaweza na watafiti walijaribu jambo hili katika shule 350 za wilaya 10, mradi ulioitwa KiuFunza. Kundi moja la shule lilipewa shilingi 10,000 kwa kila mtoto, moja kwa moja. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu stadi za msingi. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilionyesha dalili kidogo. Vilipoungana, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kinachoonekana. Mwalimu aliyehamasika bila kitabu amekwama, na kitabu bila mwalimu anayejali hakisogezi mtu.

Sasa wahisani wanapunguza. Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, na Uingereza ikatangaza kushusha bajeti yake ya misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Kumbuka pia kwamba Ujerumani na Ufaransa huhesabu kama msaada gharama za wanafunzi wa kigeni wanaosoma katika vyuo vyao, fedha ambazo hazivuki mpaka wao kabisa. Kwa hiyo nikiletewa andiko la mradi wa elimu siku hizi, naanzia kurasa za bajeti. Natafuta ni kiasi gani kitaingia kwenye akaunti za shule, kama kimepangwa kupanda bei zikipanda, na ni fungu gani la serikali litakalokibeba mradi ukifungwa. Fungu hilo lisipotajwa kwa namba yake, andiko nalirudisha.