Je, wajua kwa nini ukame na mafuriko vinapiga sehemu ileile?

Hili swali linaulizwa sana na ni la haki kabisa. Kama dunia inazidi kupata joto si tungetegemea ukame tu, sasa mbona Garissa, Wajir na Mandera kule kaskazini mashariki mwa Kenya mifugo iliisha kwa kukosa maji na malisho, halafu Novemba 2023 sehemu hizohizo zikawa chini ya maji, barabara zimekatika na watu wanavushwa kwa boti?

Jibu fupi ni kwamba joto lilelile ndo linafanya kazi zote mbili. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Sasa mvua isiponyesha, hewa hiyo haikai bure, inanyonya maji popote inapoyakuta, kwenye udongo, kwenye majani, kwenye lambo. Wafugaji wanalijua hili vizuri, lambo linashuka kila siku hata siku ambayo hakuna ng'ombe aliyeletwa kunywa, mpaka linabaki tope na baadae tope nalo linapasuka.

Hicho ndo kilichotokea kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Kusini mwa Ethiopia, Somalia na kaskazini na mashariki mwa Kenya misimu mitano ya mvua ikapotea mfululizo, La Niña (maji ya Bahari ya Pasifiki kuelekea Amerika yakipoa kuliko kawaida, hali ambayo mara nyingi hutupunguzia mvua za vuli) ikiwa imeng'ang'ania. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa joto la dunia kwenye majanga ya hali ya hewa, walipiga hesabu wakakuta mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame ule angalau mara 100, na kilichonishtua mimi zaidi ni hiki, kwamba mvua haba ileile, ingekuja kwenye dunia ambayo haijapata hizi nyuzi 1.2 za joto la ziada, isingefika hata kuitwa ukame. Yaani mvua ilipungua kweli ila joto ndo lilimalizia.

Halafu 2023 mambo yakageuka. El Niño ikaingia (kinyume cha La Niña, maji yaleyale ya Pasifiki yakipata joto), na Bahari ya Hindi nayo ikawa na joto upande wetu huku upande wa Indonesia ukipoa, na hali hiyo ikitokea upepo unasukuma mvuke kuja Afrika Mashariki (1961, 1997 na 2019 ilikuwa hivyohivyo, wazee wengi bado wanazikumbuka mvua za 1961). Hewa iliyokuwa inanyonya sasa imejaa, na ikimwaga inamwaga kwa mkupuo. Na chini inakuta ardhi ngumu, majani yameliwa yote, kwa hiyo maji hayazami, yanakimbilia mtoni na majumbani. Wanasayansi walewale wakakuta mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 ziliongezwa nguvu na joto la dunia hadi kufikia mara mbili. Beledweyne kule Somalia mto Shabelle ulifurika mwaka huo Mei, ukarudia tena Novemba!

Masika ndo inasumbua vichwa zaidi. Tangu miaka ya 1980 imekuwa ikipungua, inachelewa kuanza na inawahi kukata, wakati modeli nyingi za kompyuta za tabianchi zinatabiri itaongezeka, na wataalamu bado wanabishana sababu. Lakini masika ya 2024 ilipokuja ilikuja na Mathare jijini Nairobi na Rufiji kule Tanzania kujaa maji.

Ndo maana mimi naona wastani wa msimu peke yake haumsaidii sana mkulima. Milimita 300 zilizogawanyika kwenye wiki 10 zinakupa mahindi, milimita 300 hizohizo zikishuka kwa siku 6 tu za mvua, katikati kukiwa na jua kali la wiki tatu, zinakuachia makorongo shambani, na kwenye karatasi misimu yote miwili inasomeka "wastani". Kwa hiyo ukisikia utabiri wa msimu, usiishie kwenye neno juu ya wastani au chini ya wastani, tafuta mvua inaanza lini, inakata lini, na kama wametaja vipindi virefu vya ukavu katikati, halafu fuatilia na utabiri wa siku 10, maana hivyo ndo vinakwambia upande lini na mbegu ya muda gani.