Ukiungama, kilo za watu bado unadaiwa

Waumini wengi, Masasi hadi Nachingwea, hudhani padri akishawaondolea dhambi, yamekwisha. Sivyo. Mungu anasamehe bure, hata dhambi unayoona aibu kuitaja. Lakini aliyechezea mizani akamkata mkulima kilo 3 za korosho kila gunia, bado anazo kilo za watu. Katika mafundisho ya Kikatoliki, lazima arudishe mali au thamani yake kwa mwenyewe. Akiwa amefariki, kwa warithi. Kuitumbukiza kwenye kapu la sadaka hakutoshi ikiwa mwenye mali anajulikana. Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:8). Anayeungama bila nia ya kurudisha hana majuto ya kweli, na hapo ndipo kitubio huharibika. Asiye na uwezo alipe kidogo kidogo. Anayeogopa kujulikana apitishe malipo kwa padri, anayefungwa na siri ya maungamo.