Kurusha na kurekodi sherehe za Lamu mtandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa Maulidi ukifika, au mashindano ya majahazi yakiandaliwa, vijana wetu hubeba kamera na simu wakawarushia sherehe moja kwa moja jamaa walioko Mombasa, Muscat na London. Ni kazi ya heshima. Wazee waliohama zamani huuona msikiti wa Riyadha tena kwenye kioo cha simu. Kinachoniuma ni kuona kazi nzuri ikiharibika kwa sababu ya mambo yanayosemwa kwa uhakika ilhali si kweli. Mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja: watu hudhani video inayopita mtandaoni ni mfululizo wa picha kamili.

Tupige hesabu. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080. Zikienda picha 25 kwa sekunde bila kubanwa, hata kwa muundo wa rangi uliokwisha kupunguzwa, mzigo wake unazidi megabiti 600 kila sekunde. Mzigo huo haupiti kwenye laini ya simu. Ndipo inapoingia kodeki, yaani mbinu ya kubana video, kama H.264 iliyotolewa mwaka 2003, ikaubana hadi megabiti 4 au 5. Hutuma fremu kamili mara moja moja, tuseme kila baada ya sekunde 2, na katikati hutuma fremu zinazobeba mabadiliko tu: kilichosogea, kilichoongezeka, kilichotoweka. Fremu hizo peke yake hazisomeki, zinaegemea jirani zake.

Ukishalijua hilo, hutasema tena kwamba 1080p ni ileile popote. Sheikh ameketi anasoma, nyuma yake ukuta mweupe: megabiti 2 zinatosha kabisa. Ichukue kamera hiyohiyo uende nayo ufukweni alasiri, jua linamulika maji, majahazi yanapita. Kila kiwimbi kinang'aa na kuzimika papo hapo. Hakuna kipande cha maji kinachofanana na kilivyokuwa kwenye fremu iliyotangulia, kwa hiyo kodeki haina cha kuazima. Megabiti zote zinamezwa na maji, na tanga, ambalo ndilo watu wanataka kuliona, linageuka miraba miraba. Hapo wengi hulaumu kamera, wakaenda kununua nyingine ya bei, na miraba ikabaki. Ongeza megabiti kama mtandao unaruhusu. Kama hauruhusu, shuka hadi 720p, yaani picha yenye nukta chache zaidi, bila kuona haya, au vuta lenzi mpaka jahazi lijaze picha na maji yabaki kidogo. Kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, nacho ni vivyo hivyo, kwa sababu ya vumbi, fimbo na umati unaosukumana.

"Mtandao uko vizuri, video zinafunguka bila kukwama." Hiyo ni kasi ya kupakua. Anayerusha anahitaji kasi ya kupakia, ambayo kwenye laini za simu mara nyingi huwa ndogo zaidi. Tena, kupima asubuhi uwanja ukiwa mtupu hakukwambii lolote kuhusu saa kumi alasiri, uwanja wa Mkunguni umefurika, kila mtu ana simu mkononi na wote wanagawana mnara mmoja. Pima siku iliyojaa, mahali utakaposimama, kisha urushe kwa nusu ya ulichopata. Na msichanganye megabiti na megabaiti. Baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo megabiti 4 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.8 za bando kila saa.

Kuhusu video kuchelewa kuwafikia watazamaji, maneno ni mengi bila sababu. Huduma nyingi huwafikishia watazamaji video kwa njia ya HLS, iliyoletwa na Apple mwaka 2009, ambayo huikata vipande vya sekunde kadhaa. Simu ya mtazamaji huweka akiba ya vipande vichache kabla ya kuanza kuonyesha. Basi bibi aliyeko Muscat akipiga simu kuuliza mbona bwana harusi haingii, na huku keshaketi, hakuna kilichoharibika.

Sasa rekodi, maana hapa ndipo tunapopoteza mengi. "Itabaki kulekule mtandaoni, nitaipakua baadaye." Kinachobaki kule ni kile tu kilichofika. Mtandao ulipokatika, rekodi nayo imekatika. Isitoshe, mitambo ya upande wa pili huibana tena, na kila kubanwa upya hupoteza kitu kisichorudi. Rekodi papo hapo ulipo, kwenye diski au memori kadi, na kwa megabiti nyingi kuliko unazorusha, kwa kuwa rekodi haipiti kwenye mnara wa mtu. Programu ya OBS hukuruhusu kuweka mipangilio miwili, mmoja wa kurusha na mwingine wa kurekodi.

Halafu stima inapotea. Faili ipo, ina gigabaiti 5, mtu anashukuru Mungu rekodi imepona. Akiibonyeza haifunguki. Faili ya aina ya MP4 ya kawaida huandika fahirisi yake mwishoni, unaposimamisha kurekodi, na fahirisi hiyo ndiyo inayoeleza kila fremu iko wapi. Kasida zote zimo ndani, ila programu za kawaida hazijui pa kuanzia kuzisoma. Rekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili ya video, ambayo hujiandika inavyokwenda. Stima ikikatika, utapoteza sekunde za mwisho tu.

Baadaye ihamishe kutoka MKV kwenda MP4. Wapo wanaoogopa wakidhani ubora utashuka. Uhamisho huo haugusi fremu hata moja, kinachobadilika ni chombo, yaani aina ya faili inayozibeba. Ndiyo maana video ya saa nzima huhamishwa kwa muda mfupi mno. Ukiona kompyuta inachukua muda mrefu, feni inavuma, ujue inaibana upya. Isimamishe utazame mipangilio. Kuitia video kwenye zip ili ipungue nako hakusaidii, maana imekwisha kubanwa.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. "Nimezima kitufe cha kupakua, na linki ni ya siri." Simu ya mtazamaji lazima ipokee video ndipo iionyeshe, na kinachoonekana kwenye kioo kinaweza kurekodiwa, hata kwa simu ya pili. Linki hiyo nayo huhamishwa kutoka kundi hadi kundi. Kwa sherehe za wanawake, ambako mama zetu hukusanya simu mlangoni, nasema wazi: msirushe. Mpiga video mwanamke arekodi kwa kamera isiyounganishwa na mtandao, kadi itolewe palepale, akabidhiwe mama wa bibi harusi.