Kabla ya kibanda cha magogo: namna ya kusoma mwanzo wa taunishipu

Ukifungua historia ya taunishipu (eneo dogo la utawala) yoyote ya mashambani huko Ohio au Indiana, Marekani, ukurasa wa kwanza mara nyingi una mtu mmoja tu. Fulani alifika na mkewe na gari la maksai, akafyeka msitu, akajenga kibanda cha magogo. Kazi yangu ni kumbukumbu za ardhi, na masimulizi hayo nimeyasoma kwa miaka mingi bila kuyachoka. Lakini mwanzo si hapo. Kibanda kilitanguliwa na mnyororo wa mpimaji, na nyuma ya mnyororo kulikuwa na watu waliokuwa wakilima na kuwinda papo hapo.

Tarehe 20 Mei 1785, Bunge la Marekani liliamua kwamba nchi ya magharibi ipimwe kwanza, ndipo iuzwe. Taunishipu ikawa mraba wa maili 6 kwa 6, ukakatwa vipande 36 vya maili 1 ya mraba kila kimoja, yaani ekari 640. Septemba mwaka huohuo Thomas Hutchins, mpimaji wa serikali, alianza kupima kwenye ukingo wa mto Ohio, pale mpaka wa Pennsylvania unapoukuta mto. Alifika maili chache tu, akasimama: habari za mashambulizi zilikuwa zimeifikia kambi yake. Wenye nchi hawakuwa wamekubali kupimiwa.

Kifaa chenyewe kilikuwa mnyororo wa chuma wenye pingili 100, urefu wake futi 66. Minyororo 80 ni maili moja, na eneo la minyororo 10 kwa mnyororo 1 ni ekari moja kamili, kwa hiyo hesabu ilifanyika palepale porini. Wasaidizi wawili waliushika ncha zote mbili, wakavuka nao vinamasi na vichaka. Na kwa kuwa dunia ni duara, mistari ya kaskazini na kusini husogeleana kadiri unavyokwenda kaskazini. Ilikubalika basi kwamba pungufu na ziada zote zisukumwe kwenye vipande vya ukingo wa kaskazini na wa magharibi. Shamba lenye ekari zisizolingana na mengine, litafute huko kwanza.

Kinachonishika zaidi ni madaftari. Palipokosekana jiwe, mpimaji alichomeka kigingi kwenye pembe, kisha akachagua miti iliyo karibu, akaichanja kwa shoka na kuiandika: aina ya mti, unene wa shina kwa inchi, upande ulipo na umbali wake kutoka kwenye kigingi kwa pingili. Hiyo ndiyo miti shahidi. Kigingi kikioza, mti ungeonyesha kilipokuwa. Alipokuwa akitembea aliandika pia ubora wa udongo, upana wa kila kijito alichovuka, na njia za miguu za wenyeji alizokutana nazo. Leo wataalamu wa misitu huyatumia madaftari hayo kujua ni miti gani ilisimama pale kabla ya shoka la mlowezi. Mimi hutafuta watu ndani yake. Njia iliyokanyagwa hadi ikaonekana vizuri porini haikukanyagwa na mlowezi ambaye bado hajafika.

Tarehe 3 Agosti 1795, baada ya kushindwa vitani mwaka uliotangulia, viongozi wa mataifa ya wenyeji, yaani Wamiami, Washawnee, Wadelaware, Wawyandot na wengine, walitia sahihi mkataba wa Greenville, na sehemu kubwa ya Ohio ya leo ikaenda kwa Marekani. Indiana kaskazini ilichukua muda zaidi. Septemba 1838 Wapotawatomi, wenyeji wa huko, zaidi ya 800 walikusanywa karibu na Plymouth, wakapelekwa Kansas chini ya ulinzi wa askari. Waliokufa safarini walikuwa zaidi ya 40, wengi wao watoto. Historia ya taunishipu isiyotaja jambo hili imeanzia katikati.

Mauzo ya ardhi nayo yana mtego kwa mtafiti. Sheria ya 1796 ilitaka mnunuzi achukue ekari 640 kwa dola 2 kila moja: dola 1,280, fedha ambazo mkulima wa kawaida hakuwa nazo. Kufikia 1820 kiasi cha chini kilishuka hadi ekari 80 kwa dola 1.25, jumla dola 100, taslimu bila mkopo. Hapo ndipo familia ndogo zilipoweza kununua moja kwa moja kutoka serikalini. Wengi walikuwa wameshajenga bila hati, na mwaka 1841 sheria iliwapa wa namna hiyo haki ya kununua hadi ekari 160 kabla ya mnada. Kwa hiyo tafadhali usiichukue tarehe ya hati miliki kuwa tarehe ya kufika. Hati ilitoka baada ya malipo, na mtu angeweza kuwa ameshavuna mara kadhaa kabla ya kulipa. Wengine walinunua na hawakukanyaga pale hata siku moja.

Kipande namba 16 cha kila taunishipu kilitengwa kwa ajili ya shule tangu 1785. Kiko karibu na katikati ya taunishipu, ila shule yenyewe haikujengwa lazima juu yake. Mara nyingi ardhi hiyo ilikodishwa au kuuzwa, na fedha ndizo zikaenda kwa shule.

Ukipata nafasi, weka ramani ya barabara za leo juu ya ramani ya mpimaji. Barabara nyingi zitanyooka juu ya mistari ya vipande, zikikutana kwa pembe mraba kila maili. Kisha tafuta ile inayokata mshazari, inayopinda na mwinuko na kushuka kwenye kivuko cha mto. Hiyo ifuatilie ndani ya daftari, mstari kwa mstari. Mara nyingi utaikuta imeandikwa kuwa njia ya “Wahindi”, ndivyo wapimaji walivyowaita wenyeji wa Amerika, pamoja na idadi ya minyororo kutoka kwenye pembe ya kipande.