Kiswahili kina zaidi ya amri

Uganda bado utasikia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari: kinaamrisha, hakishauri. Dhana hii ina chanzo. Jeshi la kikoloni, King's African Rifles, lilikitumia kambini, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa.

Lakini sikiliza msamiati wenyewe. Shauri limetoka Kiarabu, ndugu wa shura, yaani baraza la kushauriana. Nasaha, pia la Kiarabu, hubeba maana ya kumtakia mtu mema kwa dhati. Kumsihi mtu ni kumwomba kwa unyenyekevu. Kumhimiza ni kumtia hima. Wosia huachwa na anayeondoka, mara nyingi mzee. Hata "shauri yako", ijapokuwa kali (nimeambiwa mara nyingi), humwachia mtu uamuzi wake.